Kovu la Kaakaa: Kidonda Hufunga kwa Wiki, Kovu Hutulia kwa Mwaka



Wapendwa wasomaji, kila mwaka tarehe 3 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Blasio, askofu na shahidi wa Sebaste. Siku hiyo padre hushika mishumaa miwili iliyopishanishwa mfano wa msalaba, huiweka chini ya kidevu cha kila anayemjia, na kuomba Mungu amkinge na magonjwa ya koo. Akina mama huja kwa wingi na watoto wao mgongoni. Sisi wauguzi tukiwa katika mstari huo, huwaona baadhi ya watoto tuliowahi kuwaangalia vinywani wodini. Tunajua kwamba kooni mwao hamna kimeo tena. Kilikatwa kijijini, kwa wembe, kwa sababu ya kikohozi.

Mwezi huu tujifunze juu ya kovu linalobaki katika kaakaa baada ya kukatwa. Jambo la kushika ni hili: kidonda cha kinywani hufunga upesi, lakini kovu lake huendelea kufanya kazi kimya kimya kwa mwaka mzima na zaidi. Mzazi asiyejua hayo huacha kumfuatilia mtoto wakati ule ule anapohitaji kufuatiliwa.

KAAKAA NI NINI, NA LINA KAZI GANI?

Weka ncha ya ulimi wako nyuma ya meno ya juu, kisha uirudishe nyuma taratibu. Kwanza utagusa sehemu ngumu yenye mfupa. Hiyo ni kaakaa gumu. Nyuma yake huanza sehemu isiyo na mfupa, yenye nyama na misuli. Hiyo ni kaakaa laini. Katikati ya ukingo wake wa nyuma hushuka kinyama kidogo kama tone la maji. Hicho ndicho kimeo, na wengine hukiita kilimi.

Kaakaa laini ni kama mlango kati ya kinywa na pua. Tunapomeza, mlango huo huinuka na kufunga njia ya pua, ili maji na chakula vishuke tumboni visipande puani. Tunaposema, hufanya vivyo hivyo. Sema "baba", "papa", "kaka": mlango umefungwa, hewa yote inatoka kinywani. Sema "mama" au "nanasi": katika m na n mlango unafunguka, hewa inapita puani. Mtu ambaye mlango wake haufungi vizuri husema king'ong'o, na "baba" yake husikika karibu kama "mama".

Kimeo nacho hakikuwekwa bure. Kina tezi nyingi ndogo zinazotoa mate mepesi, nayo hulilowesha koo. Ndiyo maana baadhi ya waliokatwa hulalamika miaka mingi kwamba koo ni kavu na kwamba kuna kitu kimenasa.

KWA NINI WATU HUKATA KIMEO?

Desturi hii ni ya siku nyingi nchini kwetu na katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Mwaka 1984 ilielezwa katika jarida la kitaalamu, ikitajwa kuwa upasuaji wa jadi wa Tanzania. Mtoto anapokohoa usiku, kutapika, kukataa kunyonya au kutokunenepa, wazee husema kimeo kimerefuka na kinamtekenya koo. Basi huitwa mkata vimeo na wembe wake au kisu chake kidogo kilichopindwa.

Wazee hawana nia mbaya, nasi tusiwadharau. Ni kweli kwamba wakati wa mafua na maambukizo ya koo kimeo huweza kuvimba na kuonekana kirefu. Lakini kimevimba kwa sababu ya ugonjwa. Chenyewe sicho ugonjwa. Ugonjwa ukipona, nacho hunywea. Na mtoto aliyekatwa kimeo akapona mafua wiki ile ile, angepona hata asingekatwa.

MTOTO MMOJA WA KIJIJI CHA JIRANI

Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea mtoto wa kike wa miezi 10, ameletwa na mama yake na bibi yake. Alikuwa na homa, amekataa ziwa, na tulipohesabu pumzi zake zilikuwa 64 kwa dakika. Tulimwamkia bibi, tukamwuliza ugonjwa ulianzaje.

"Alikohoa siku nne, wanangu," bibi alijibu. "Nikampeleka akakatwe kimeo. Leo siku ya tatu, na kikohozi hakijaondoka."

Mtoto alikuwa na nimonia tangu mwanzo. Wembe haukuigusa nimonia, bali ulimwongezea kidonda. Tena mkataji hakuishia kwenye kimeo, alichukua na ukingo wa kaakaa laini. Mtoto alitibiwa, akapona nimonia. Wiki ya pili tulipomwangalia koo, kidonda kilikuwa safi, kimeanza kufunikwa. Mama akafurahi, wakaenda nyumbani. Tulimwambia amrudishe baada ya mwezi mmoja, lakini alipita mwezi wa kwanza, na wa pili. Mwezi wa tatu ndipo aliporudi, akasema: "Dada, sasa uji unamtoka puani. Zamani haukutoka hivi. Je, kidonda kimefumuka?"

Kidonda hakikufumuka. Kovu ndilo lililokuwa linajikunja. Hebu tuone jinsi jambo hilo linavyotokea.

KOVU HUJENGWAJE?

Mfikirie fundi anayeezeka nyumba yake huku mvua imekaribia. Kwanza hutupia nyasi haraka haraka ili mvua isiingie. Paa limefunikwa, lakini nyasi zimelala ovyo. Baadaye, mvua ikitulia, hupanda tena, akatoa nyasi mbaya, akapanga nyingine kwa mstari na kuzikaza. Mwili hufanya kazi ya namna hiyo.

Siku ya 1 hadi ya 3. Damu huganda, sehemu huvimba, na utando mweupe au wa manjano hufunika kidonda. Wengi hudhani ni usaha, wakaukwangua. Msiuguse! Ni bandeji ya mwili wenyewe.

Siku ya 5 hadi ya 14. Utando huanza kubanduka. Hapo maumivu huweza kuzidi kidogo, na damu huweza kutoka tena. Ni siku za kuwa macho.

Wiki ya 2 hadi ya 3. Ngozi laini ya kinywa hufunika kidonda. Kwa macho, mtu amepona.

Wiki ya 3 hadi mwezi wa 3. Chini ya ngozi hiyo mwili umetupia nyuzinyuzi nyingi za kujengea, zimelala ovyo kama nyasi za yule fundi. Kuna pia chembe hai ambazo kazi yake ni kuvuta kingo za kidonda zikaribiane. Kwa hiyo kovu huwa jekundu, gumu, tena hujikunja. Mkononi, kovu likijikunja kidogo halina taabu kubwa. Lakini kaakaa laini ni mlango unaopaswa kufika hadi ukuta wa nyuma wa koo. Ukifupishwa hata kidogo na kukakamaa, haufiki tena. Hilo ndilo lililompata mtoto wetu.

Mwezi wa 3 hadi wa 12, na pengine hadi wa 18. Mwili hupanga upya zile nyuzi. Kovu hupauka, hulainika na hulegea. Hata hivyo halirudi kuwa kama nyama ya awali. Likishakomaa, nguvu yake haizidi kama asilimia 80 ya nguvu ya mahali pasipowahi kukatwa, wala halina misuli wala tezi za mate.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, taabu inayoonekana mwezi wa pili au wa tatu isikukatishe tamaa, maana kazi bado inaendelea. La pili, taabu iliyobaki baada ya mwaka mmoja au mwaka na nusu haitaondoka kwa kungoja tu. Inahitaji mtaalamu.

WENGINE WENYE KOVU LA KAAKAA

Wako pia wanaopata kovu hili kwa upasuaji wa hospitali.

Kwanza, watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka. Hawa hushonwa na madaktari bingwa, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, kabla hawajaanza kusema vizuri. Kwao upasuaji ni wa lazima na una faida kubwa. Lakini kovu lao nalo hupita njia ile ile, na hulazimu kufuatiliwa mpaka mtoto aseme vizuri.

Pili, watu wazima wanaofanyiwa upasuaji kwa sababu ya kukoroma. Baadhi ya ndugu zetu walioko miji mikubwa na ng'ambo wametuuliza juu ya upasuaji wa leza, yaani mwanga mkali uliokusanywa pamoja hata ukaweza kukata na kuchoma. Daktari Kamami wa Paris, Ufaransa, alitangaza njia hiyo ya kupunguza kimeo na kaakaa laini mwaka 1990. Leza huchoma mishipa inapokata, hivyo damu haitoki sana. Lakini kidonda chake ni cha kuungua, nacho huuma kwa wiki mbili hivi na hufunga polepole kuliko kidonda cha kisu. Baada ya hapo wengine hubaki na koo kavu au hali ya kuhisi kitu kimenasa, na kwa wengine kukoroma hurudi baada ya miaka. Mwaka 2001 chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani kilieleza kwamba hakiupendekezi upasuaji huo kwa watu ambao pumzi zao hukatika usingizini. Basi anayekoroma apimwe kwanza, apunguze unene na pombe, asikimbilie leza.

Mnaona, wapendwa: hata chombo cha kisasa, mikononi mwa daktari, huacha kovu lenye taabu zake. Je, wembe wa kijijini?

JINSI YA KUMTUNZA MWENYE KIDONDA NA KOVU

Aliyekatwa kijijini aletwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima. Wembe usio safi huweza kuleta pepopunda na virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Mje na kadi ya kliniki ili tuone chanjo zake. Msifiche kwa aibu. Hatutawafokea.

Wiki mbili za kwanza:
1. Mpeni vyakula laini vya vuguvugu: uji, mtindi, ndizi zilizopondwa, supu. Mtoto mchanga aendelee kunyonya.
2. Epukeni pilipili, ndimu, vyakula vya moto sana, mahindi ya kuchoma na miwa, maana hukwaruza.
3. Msiweke kidonda majivu, mafuta ya taa, chumvi kavu wala dawa za mizizi.
4. Kwa maumivu tumieni parasetamoli kwa kipimo mlichoelekezwa. Msimpe mtoto asprini, kwani huweza kumdhuru na kuzidisha damu.
5. Mkubwa na mtoto anayeweza kusukutua bila kumeza wasukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, mara tatu au nne kwa siku.

Miezi inayofuata:
1. Kunyweni maji mara kwa mara ili koo lisikauke.
2. Msivute sigara karibu na mgonjwa, na mtoto asikae jikoni penye moshi wa kuni. Moshi hukausha koo na kuchelewesha kupona.
3. Uji ukimtoka mtoto puani, mlisheni akiwa ameketi wima, kidogo kidogo.
4. Zungumzeni naye sana. Mhimizeni aseme na kuimba maneno yenye p, b, t na k, bila kumcheka wala kumwiga. Mtoto anayechekwa hunyamaza, na asiyesema hajifunzi.
5. Mrudisheni kuangaliwa baada ya mwezi 1, miezi 3, miezi 6 na mwaka 1, hata kama hana taabu.
6. Siku yoyote atakapohitaji upasuaji au dawa ya usingizi, mwambieni daktari kwamba ana kovu kooni.

Kipo kipimo rahisi cha nyumbani. Shikeni kioo kidogo chini ya pua ya mtoto anayeweza kusema, kisha aseme "papa, papa, kaka, kaka", bila kuvuta pumzi katikati. Kioo kikipata ukungu, hewa inavuja puani. Mleteni tumwangalie.

KIMBIENI HOSPITALI MKIONA HAYA

- Damu inayotoka kinywani, au mtoto kumeza mate mara kwa mara na kutapika vitu vyeusi. Mketisheni ameinama mbele, ateme, asimeze.
- Kupumua kwa shida au kwa sauti ya kukwaruza.
- Homa, shingo kuvimba, au kushindwa kumeza hata maji.
- Taya kubana na mwili kukakamaa, hasa katika wiki tatu za kwanza. Huenda ni pepopunda.
- Baada ya miezi kadhaa: pua kuziba daima na kulala kinywa wazi. Huenda kovu limebana njia ya nyuma ya pua.

Kwa sisi wa Hanga, safari ya rufaa huanzia Songea au Peramiho, na wanaohitaji mabingwa wa koo na usemi huweza kupelekwa hadi Muhimbili, Dar es Salaam.

NA KIKOHOZI JE?

Hili ndilo la muhimu kuliko yote, kwa kuwa kikohozi ndicho kinachompeleka mtoto kwenye wembe. Mtoto anayekohoa ahesabiwe pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Ni hatari zikifika 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5. Ni hatari pia kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akidegedega au akilegea. Huyo aletwe mara moja, hata usiku. Nimonia haingoji asubuhi.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kwa mtoto au mtu mzima, kipimwe kifua kikuu. Tumewaona watu wazima waliokatwa kimeo, wakakaa miezi wakingoja nafuu, kumbe kifua kikuu kinawala wao na kuwaambukiza watoto nyumbani.

MTOTO YULE LEO

Tulimfuatilia. Kufikia mwaka mmoja baada ya kukatwa, uji ulikuwa hautoki puani tena ila akilishwa haraka. Lakini alipoanza kusema, "baba" ilikuwa "mama", na baba yake alihuzunika. Alipofikisha miaka mitatu alipewa rufaa, na mama akafundishwa mazoezi ya kusema. Jioni kwa jioni alikaa naye, neno kwa neno. Sasa yuko shule. Usemi wake una king'ong'o kidogo bado, lakini mwalimu anamwelewa, na Jumapili anaimba na watoto wenzake.

Bibi yake ndiye aliyetushangaza. Mjukuu mwingine alipozaliwa na kukohoa, yeye ndiye aliyembeba hadi kwetu, jua halijachomoza. Alipofika mlangoni alisema: "Wanangu, huyu msinichelewesheie. Hesabuni pumzi."

Wapendwa, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuwalinde watoto wetu na wembe. Na wale waliokwisha kukatwa, tusiwaache njiani kwa kuwa kidonda kimefunga. Kovu bado linafanya kazi, nasi tufanye yetu pamoja nalo kwa subira.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika jumuiya yetu, mtoto akikohoa usiku, nani huamua apelekwe wapi? Tunawezaje kuwashirikisha bibi na babu?
2. Kwa nini mtoto mwenye kidonda kilichofunga anahitaji kuangaliwa tena baada ya miezi mitatu?
3. Je, tunamjua mtoto au mtu mzima anayesema king'ong'o? Tunamtendeaje, na tunawezaje kumsaidia afike hospitali?

Mungu awabariki, na Mtakatifu Blasio atuombee.